Pikapu za dizeli Marekani: mzigo wa lori, leseni ya gari dogo

MWAKA 1989, pikapu aina ya Dodge Ram zilipoanza kuuzwa nchini Marekani zikiwa na injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9, injini hiyo ilikuwa na nguvu za farasi 160 na nguvu ya mzunguko ya nyutoni-mita 542. Kwa gari la kubebea majani ya ng'ombe na kuvutia tela la farasi, hizo zilikuwa namba za kujivunia.

Miaka 34 baadaye, kampuni ya Ford iliingiza sokoni pikapu za toleo la mwaka 2023 zenye injini ya dizeli ya nguvu za farasi 500 na nyutoni-mita 1,627. Ile iliyo kubwa kuliko zote katika kundi hilo, F-450, ilitangazwa kuwa na uwezo wa kuvuta tela lenye uzito wa pauni 40,000, yaani zaidi ya tani 18.

Tani 18 ni uzito wa lori la ekseli mbili lililojazwa hadi kikomo kinachoruhusiwa katika barabara za Afrika Mashariki. Nchini Marekani uzito huo sasa unaweza kuvutwa na gari linalouzwa katika duka lile lile linalouza gari la kumpeleka mtoto shule, likiwa na viti vya ngozi na kioo kikubwa cha ramani kwenye dashibodi.

Katika kipindi hicho cha miaka 34 nguvu ya mzunguko imeongezeka mara tatu, fremu zimeimarishwa na giaboksi zimefikia gia 10. Kilichobaki karibu palepale ni mstari wa sheria unaotenganisha dereva wa gari dogo na dereva wa lori. Mstari huo ulichorwa na Bunge la Marekani mwaka 1986, wakati ambapo hakuna pikapu ya kawaida iliyoweza hata kuukaribia.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Ushindani wa kampuni tatu za Detroit umeihamisha kazi ya lori na kuiweka mikononi mwa watu ambao hawajawahi kufundishwa udereva wa lori, na hakuna chombo ambacho kimekaa chini kuamua kwamba hivyo ndivyo iwe.

Ili kuelewa jinsi hali ilivyofikia hapo, ni vyema kuanza na injini yenyewe. Injini ya dizeli hugandamiza hewa kwa nguvu kubwa kuliko ya petroli, na mafuta huwaka kwa joto la hewa hiyo bila kuhitaji cheche ya plagi. Kwa msaada wa tabo inayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda, injini hutoa nguvu yake kubwa ikiwa inazunguka polepole, na hiyo ndiyo nguvu inayotakiwa mzigo unapoanza kuondoka au unapopanda mlima. Kila dereva wa fuso anayepandisha mlima na mzigo wa viazi analijua jambo hili, hata kama hajawahi kulieleza kwa namba.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi wa pikapu kubwa nchini Marekani huwa radhi kuongeza maelfu ya dola ili apate dizeli badala ya petroli. Soko hilo linagombaniwa na injini tatu: Power Stroke ya Ford, Duramax ya General Motors na Cummins iliyomo katika Ram. Duramax, kwa taarifa ya wale wanaoziona Isuzu kila siku katika miji ya Afrika Mashariki, ilizaliwa kutokana na ubia wa General Motors na Isuzu ya Japani, na kiwanda chake kiko Moraine, katika Jimbo la Ohio.

Mashindano ya injini hizo tatu yalikuwa ya wazi. Mwaka 2019 Ram 3500 ilikuwa pikapu ya kwanza kufikia futi-pauni 1,000 za nguvu ya mzunguko, sawa na nyutoni-mita 1,356. Ford ikajibu katika toleo la mwaka uliofuata kwa 1,050, kisha ikaruka hadi 1,200. Kila kampuni ilipotangaza namba mpya, matangazo ya televisheni yalionyesha tela lililosheheni likipanda mlima chini ya jua la jangwani. Ni nadra sana kuona tangazo linaloonyesha tela hilo hilo likiteremka.

Kwa miaka mingi namba hizo hazikuwa na msingi wa pamoja. Kila kampuni ilijipimia yenyewe, kwa masharti iliyojiwekea yenyewe, na kujitangazia ushindi. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilitoa kipimo kimoja kinachojulikana kama J2807. Toyota ilikuwa ya kwanza kukikubali, kwa pikapu zake za Tundra za toleo la mwaka 2011, na namba zake zikashuka. Kampuni za Detroit zilichelewa kwa miaka kadhaa, kila moja ikimsubiri mwenzake aanze kupunguza.

Kipimo hicho si cha mzaha. Sehemu yake inayofahamika zaidi ni mlima wa Davis Dam, katika Jimbo la Arizona, ambako gari hutakiwa kupanda na mzigo wake wote kwa umbali wa kilomita 18 hivi, katika joto la nyuzi 38 au zaidi, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho. Pikapu yenye tairi mbili za nyuma haitakiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa; yenye tairi nne za nyuma haitakiwi kushuka chini ya kilomita 56. Gari likichemka au likizembea, namba haikubaliwi.

Lakini hata kipimo hicho kina watu wawili tu ndani ya gari, dereva na abiria mmoja, kila mmoja akihesabiwa kuwa na kilo 68. Mtu yeyote aliyewahi kuiona familia ya Kimarekani ikienda likizo atakubali kwamba kilo 68 ni makadirio ya adabu sana. Ongeza watoto watatu, mbwa, jenereta, boksi la vifaa na tangi la mafuta la ziada, na hesabu nzima inabadilika.

Inabadilika kwa sababu kuna namba nyingine, ndogo na isiyotangazwa, inayoamua mambo. Hiyo ni namba ya uzito ambao gari lenyewe linaweza kuubeba mgongoni, ambayo imebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tela haliburuzwi tu nyuma kama jiwe lililofungwa kamba. Sehemu ya uzito wake hulalia gari linalolivuta. Kwa tela la kawaida linalofungwa kwenye bampa, sehemu hiyo inatakiwa iwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela. Kwa yale makubwa yanayokaa juu ya ekseli ya nyuma, ndani ya bodi ya pikapu, ni kati ya asilimia 15 na 25.

Chukua mfano wa pikapu ya dizeli ya daraja la kati, ile ambayo Wamarekani bado huiita ya robo tatu tani ingawa jina hilo lilikwishapoteza maana yake zamani. Nyingi kati ya hizo zimesajiliwa kwa uzito wa jumla wa pauni 10,000, sawa na kilo 4,536. Kwa kuwa injini ya dizeli yenyewe ni nzito, nafasi inayobaki kwa ajili ya watu na mizigo inaweza kuwa kilo 900 hivi. Wakati huo huo, tangazo la gari hilo hilo linasema linavuta takriban tani tisa.

Sasa mnunuzi anakwenda kuchukua nyumba ya magurudumu yenye uzito wa kilo 6,800. Ni mbali sana na tani tisa, kwa hiyo anaamini amejiachia nafasi ya kutosha. Lakini asilimia 20 ya kilo 6,800 ni kilo 1,360, na uzito huo unalalia ekseli ya nyuma kabla yeye mwenyewe hajaingia ndani ya gari. Amekwishazidisha kwa zaidi ya kilo 400, na muuzaji aliyemuuzia hajasema uongo hata mmoja.

Injini haitalalamika. Kwa hakika hilo ndilo tatizo. Katika miaka ya 1980 pikapu iliyopewa mzigo uliozidi ilimweleza dereva wake kwa lugha iliyo wazi: ilichemka, ikatoa moshi, ikapanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea. Pikapu ya leo inapanda na mzigo huo kwa kilomita 110 kwa saa huku dereva akisikiliza redio. Onyo lililokuwa likitolewa na udhaifu wa injini limeondolewa, na yanayobaki kuelemewa kimya kimya ni tairi, springi, ekseli na breki.

Suala la breki linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Lori kubwa hutumia breki za upepo, na mfumo wake umetengenezwa kwa namna ambayo upepo ukivuja wote, springi huzikamata breki na gari husimama. Hitilafu inaegemea upande wa usalama. Matela mengi yanayovutwa na pikapu hutumia breki za umeme zinazoamriwa na kifaa kilichomo ndani ya gari. Waya ukikatika, tela halina breki, isipokuwa kama limechomoka kabisa na kibetri chake kidogo cha dharura kikafanya kazi. Kibetri hicho, kama betri zote zinazosahauliwa, mara nyingi hukumbukwa siku ya ajali.

Watengenezaji wa pikapu wamejitahidi. Breki ya injini, ile inayobana moshi ili kupunguza mwendo mteremkoni, ambayo madereva wa malori wameitegemea kwa miongo mingi, sasa imo katika karibu kila pikapu kubwa ya dizeli. Katika Barabara Kuu Namba 70 ya Jimbo la Colorado, inayopita kwenye Handaki la Eisenhower katika kimo cha mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mteremko wa kwenda Silverthorne una mwinamo wa asilimia saba. Dereva anayejua kazi yake huchagua gia akiwa bado juu, akaacha injini ishikilie mzigo, na kugusa breki kwa vipindi. Asiyejua hukanyaga breki mfululizo hadi zinapata moto na kuacha kushika. Magari yao ni sawa, na serikali imewapa leseni ya aina moja.

Kuna na hatari ya tela kuyumba. Mzigo ukipangwa nyuma mno, tela huwa jepesi mbele na mkia wake huanza kupiga huku na huku. Dereva wa gari dogo, kwa silika, hukanyaga breki za gari au hupindisha usukani kujaribu kulifuata tela, na yote mawili huzidisha hali. Kinachotakiwa ni kuachia mafuta na kubana breki za tela peke yake kwa mkono. Hakuna mtu anayezaliwa akijua hivyo.

Tairi nazo zina kikomo chake. Tairi nyingi za matela zimetengenezwa kwa mwendo usiozidi kilomita 105 kwa saa, wakati barabara kuu za magharibi mwa Texas zinaruhusu kilomita 129. California imeweka sharti la kilomita 88 kwa kila gari linalovuta tela. Inapasa kusemwa kwamba ni moja ya sheria za jimbo hilo ambazo wapita njia hawazijali sana.

Ikirudiwa hoja ya leseni, sheria ya mwaka 1986 iliweka kikomo cha pauni 26,001, sawa na kilo 11,794, kwa gari na tela lake kwa pamoja, ikiwa tela linazidi pauni 10,000. Anayevuka hapo katika shughuli za biashara anatakiwa kuwa na leseni ya lori. Tangu Februari 2022, anayeomba leseni hiyo kwa mara ya kwanza analazimika kupitia mafunzo yaliyowekwa na serikali kuu kabla ya kufanya mtihani.

Chini ya mstari huo hali ni nyingine kabisa. Kumezuka tabaka zima la wasafirishaji wadogo ambao hununua pikapu ya dizeli yenye tairi nne za nyuma na tela refu la wazi, wakapakia magari, mabomba ya visima vya mafuta au mashine za ujenzi, na kusafirisha kwa haraka kutoka jimbo hadi jimbo. Wengi wao huchagua gari na tela ambavyo jumla ya namba zake za usajili haifiki 26,001. Ni jambo la kawaida kwa kiwanda cha matela kuweka kibao chenye namba iliyopunguzwa kwa makusudi, ili tela lile lile, lenye ekseli zile zile, libaki upande ambao hautaki leseni ya lori.

Mtu hawezi kuwalaumu sana wasafirishaji hao. Hawavunji sheria, wanaisoma kwa makini kuliko walioiandika. Tena bado wanabanwa na masharti mengine: gari la biashara linalozidi pauni 10,000 likivuka mipaka ya majimbo, dereva wake anatakiwa kuwa na cheti cha afya na kufuata kikomo cha saa za kazi. Kwa maneno mengine, wapo wanaowaangalia.

Asiyeangaliwa ni yule asiyefanya biashara. Mstaafu wa miaka 70 ambaye maisha yake yote ameendesha gari dogo la kwenda ofisini anaweza, katika majimbo mengi, kununua pikapu ya tani moja na nyumba ya magurudumu yenye vyumba vitatu na kuondoka nayo siku hiyo hiyo. Serikali kuu imewaachia majimbo uamuzi kuhusu magari ya starehe, nayo mengi yameyasamehe. Texas inadai leseni ya daraja la juu isiyo ya biashara pale uzito wa pamoja unapovuka pauni 26,000. California inadai hivyo kwa nyumba za magurudumu kubwa. Mipaka ya majimbo haina vizuizi, na aliyepewa leseni katika jimbo lisilodai lolote hupita California akiwa na haki zake zote.

Hoja ya upande wa pili haipaswi kupuuzwa. Wenye magari hayo husema, na wana ukweli, kwamba pikapu za leo ni imara kuliko wakati wowote, kwamba zina kamera, vidhibiti vya kuyumba na breki za injini ambazo pikapu za mwaka 1986 hazikuwa nazo. Husema pia kwamba mkulima wa Nebraska anayepeleka ndama mnadani hahitaji urasimu mwingine juu ya ule alionao. Sheria ya Marekani inamruhusu mkulima msamaha wa leseni ya lori ndani ya maili 150 za shamba lake, na msamaha huo una sababu: mkulima huyo amevuta matela tangu akiwa kijana. Ujuzi anao, ingawa hauna cheti.

Ila soko la pikapu kubwa halimtegemei tena mkulima huyo peke yake. Gari ambalo zamani lilinunuliwa na mtu aliyekulia juu ya matrekta sasa linanunuliwa na mtu aliyeona tangazo. Msamaha uliotolewa kwa ujuzi wa kurithi unatumiwa na watu wasiorithi chochote.

Ulaya ilichagua njia nyingine. Huko, leseni ya gari dogo pamoja na tela inaishia kwenye tela la kilo 3,500, ambalo kwa Mmarekani ni la kuvutia mashua. Hata hivyo Uingereza nayo ilikwishalegeza: Desemba 2021 iliondoa mtihani wa pekee wa kuvuta tela, na madereva wa magari madogo wakapewa haki hiyo moja kwa moja. Sababu iliyotolewa ni kwamba watahini walihitajika kwa ajili ya mitihani ya madereva wa malori, ambao nchi ilikuwa na upungufu wao mkubwa. Yaani ili kupata madereva wa malori waliofuzu, ilionekana heri kuacha kuwapima wavutaji wa matela.

Pengo kati ya kilichoandikwa na kinachotokea barabarani limejitokeza vile vile upande wa moshi. Injini hizi kubwa hutoa masizi na gesi za oksidi za naitrojeni, ambazo huwaathiri wenye pumu na magonjwa ya moyo. Kuanzia mwaka 2007 pikapu mpya za dizeli zimefungwa vichujio vya masizi, na miaka michache baadaye ukaongezwa mfumo unaopuliza majimaji ya urea katika bomba la moshi ili kuzivunja gesi hizo.

Wenye magari wengi waliichukia mifumo hiyo tangu mwanzo. Walisema inakula mafuta, inaharibika, na kwamba kompyuta ikigundua hitilafu hupunguza nguvu ya injini, hata kulifanya gari litambae. Kwa mtu mwenye ng'ombe kwenye tela, katikati ya nyika, katika jua la Julai, hilo si lalamiko la kipuuzi. Wakazuka mafundi wa kung'oa vichujio na kubadili programu za kompyuta. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, lilikadiria mwaka 2020 kwamba zaidi ya pikapu na malori ya dizeli 550,000 yalikuwa yamechezewa katika muongo mmoja, na kwamba moshi wa ziada ulilingana na kuongeza magari ya aina hiyo milioni tisa barabarani.

Kinachochekesha, kama kipo cha kuchekesha hapo, ni kwamba kuvuta mzigo mzito huukifaa kichujio. Moshi wa injini inayofanya kazi ngumu huwa na joto la kutosha kuyaunguza masizi. Kichujio huziba zaidi kwa pikapu inayokwenda dukani na kurudi, bila tela, bila mzigo, ikiwa imenunuliwa kwa ajili ya tani ambazo haitazivuta kamwe.

Halafu ikabainika kwamba si mafundi wa vichochoroni peke yao. Desemba 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Cummins imekubali kulipa dola bilioni 1.675, faini kubwa kuliko zote kuwahi kutozwa chini ya Sheria ya Hewa Safi. Serikali ilidai kwamba injini zilizofungwa katika Ram 2500 na 3500 zipatazo 630,000, za kati ya mwaka 2013 na 2019, zilikuwa na programu zinazodhoofisha udhibiti wa moshi. Kampuni hiyo haikukiri kosa na ilisema haikuona ushahidi wa mtu yeyote kutenda kwa nia mbaya. Pamoja na gharama za marekebisho, jumla ilizidi dola bilioni mbili.

Upepo wa siasa umegeuka tangu wakati huo. Agosti 2025 Mkurugenzi wa EPA, Lee Zeldin, alikwenda kwenye maonyesho ya kilimo ya Jimbo la Iowa na kutangaza mwongozo unaowataka watengenezaji wabadili programu za magari yaliyopo ili nguvu isikatwe ghafla mfumo wa urea unapopata hitilafu. Kwa magari mapya ya dizeli, sharti hilo linaanza na matoleo ya mwaka 2027. Walioshangilia walikuwa na sababu, kwani gari linalopoteza nguvu ghafla likiwa na tela la tani saba nyuma yake ni hatari kwa kila aliye karibu. Ni hatua iliyochukuliwa haraka, kwa sababu wapigakura waliidai. Hakuna kundi la wapigakura linalodai kufanyiwa mtihani wa leseni.

Kwa msomaji aliyezoea kuona foleni za malori kwenye mizani ya barabara kuu za Tanzania na Kenya, jambo moja katika habari hii yote huenda likamshangaza kuliko mengine. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, uzito ni jambo la kupimwa: ekseli kwa ekseli, na kikomo cha tani 56 kwa malori makubwa kuliko yote. Wenye malori hulalamika, huchelewa, na wengine hutafuta njia za panya, lakini wanajua wamebeba nini.

Marekani nayo ina mizani kando ya barabara zake kuu, na mibao inayowaamuru malori kuingia. Katika majimbo mengi pikapu ya mtu binafsi yenye nyumba ya magurudumu nyuma yake hupita moja kwa moja, hata kama ni nzito kuliko lori dogo lililosimamishwa mbele yake. Anayetaka kujua uzito wake halisi huenda kwa hiari yake kwenye mizani ya kulipia iliyo katika vituo vya mafuta vya malori, akasimamisha tairi za mbele kwenye bamba la kwanza, za nyuma kwenye la pili na tela kwenye la tatu, kisha akangoja karatasi yenye namba nne. Madereva wa malori wanaifahamu karatasi hiyo. Wengi wa wenye pikapu hawajawahi kuiona.